Wafungwa wa Gulag: kwa nini wengine walibaki na utu wao na wengine wakaishia kulamba bakuli?

#1 Msomaji wa Usiku

Wakuu salaam. Nimemaliza kile kitabu cha Solzhenitsyn, Mrusi aliyefungwa kwenye Gulag (makambi ya kazi ngumu ya Urusi ya Kisovieti), cha siku moja ya Ivan Denisovich Shukhov na nina dai nataka mnipinge.

Kwa ambao hamjakisoma: Shukhov ni mkulima, kapigwa miaka kumi kwa sababu alitekwa na Wajerumani vitani mwaka 1942 akatoroka akarudi kwao. Ni Januari 1951, kambi iko nyikani Kazakhstan, asubuhi ni nyuzi 27 na nusu chini ya sifuri, na hapo wanatolewa kwenda kujenga. Kwa askari yeye ni namba tu, Shch-854. Lakini mtu huyu hali chakula na kofia kichwani, hata baridi iwe vipi. Samaki wa kwenye supu anamla wote, mapezi, mashavu, mkia, hata macho kama bado yako kichwani. Yakishachomoka yakaelea peke yake kwenye bakuli, hayagusi. Wenzake wanamcheka.

Upande wa pili kuna Fetyukov. Zamani alikuwa bosi ofisini, anaendeshwa kwenye gari. Sasa anavizia vipisi vya sigara na kulamba bakuli za wenzake, na anachapwa kwa ajili hiyo.

Dai langu: tofauti yao ni kazi. Shukhov ana ufundi mkononi, akishika ukuta anasahau kifungo. Fetyukov bila kiti cha ofisi ni mtupu. Karibuni.

#2 Chumvi Kali

Umesoma kitabu kimoja umeshafungua kanisa. Katafute Varlam Shalamov, hadithi za Kolyma, halafu urudi hapa kutuhubiria habari za kazi kumwokoa mfungwa. Narudi baadaye na ushahidi, niko kwenye daladala.

#3 Fundi Mwiko

Mimi si mtu wa Warusi, mabinti zangu ndio wasomaji, lakini nimesomewa zile kurasa za ukuta na ninasema huyo mwandishi kashika mwiko kwa mkono wake. Mtu wa kuhadithiwa hawezi kujua yale.

Angalieni. Shukhov anafika ghorofani, kabla hajaweka tofali hata moja anaukagua ukuta aliouacha fundi mwingine. Anaona sehemu imebonyea na anajua kabisa kuwa hairekebishiki kwa kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, itabidi aivute polepole kwa kozi tatu hivi. Hiyo ndiyo akili ya fundi: unarithi uchafu wa mwenzio na unaubeba kama wako. Halafu anakwangua barafu kwa shoka na brashi ya waya, anafunga kamba, ndipo anaanza. Maji na mchanga vimepashwa moto chini, mota ya kujengea inapandishwa mbio mbio, maana ukichelewa kidogo inaganda kwenye mwiko.

Na jambo moja wengi watalipita: mwiko wenyewe kauficha. Anamzunguka mtunza stoo ili asiurudishe, maana kesho atapewa mbovu. Mfungwa hana kitu duniani, lakini ana mwiko wake. Naunga mkono #1.

#4 Bi Saumu

Msomaji wa Usiku, ahsante kwa uzi. Marekebisho kidogo. Karatasi ya mashtaka ya Shukhov haisemi kutekwa, inasema uhaini: kwamba alijisalimisha makusudi na akarudi akiwa na kazi ya ujasusi ya Wajerumani. Kazi gani? Yeye hakuweza kuitunga, na mpelelezi naye hakuweza, wakaandika hivyo hivyo tu "kazi". Akasaini, kwa sababu asiposaini ni jeneza na akisaini ataishi kidogo. Hii ni muhimu kwenye mada ya utu. Mtu huyo huyo asiyekula macho ya samaki alishasaini uongo juu ya nafsi yake.

Pili, habari ya kazi haitoshi. Kuna mzee mmoja pale bwaloni, Yu-81, sijui kwa nini hamjamtaja. Kakaa magerezani na makambini miaka isiyo na idadi. Bwalo zima wameinama puani kwenye bakuli, yeye kanyooka mgongo, anaupandisha mkono na kijiko cha mbao kilichochubuka mpaka mdomoni. Meno hana, mkate anautafuna kwa fizi. Na ule mkate hauweki juu ya meza chafu kama wengine, anatandika kitambaa kilichofuliwa ndipo anauweka. Hatuonyeshwi mzee huyo akijenga ukuta wowote. Mimi naita adabu. Mtu aliyelelewa na adabu hata umfunge atakula kama mtu.

#5 Chumvi Kali

Nimeshuka. Sasa sikilizeni.

Shalamov alikamatwa mara ya kwanza 1929, ya pili 1937, akapelekwa Kolyma, mashariki ya mbali kabisa, kwenye machimbo ya dhahabu. Kitabu cha Solzhenitsyn kilipotoka Novemba 1962 kwenye jarida la Novy Mir, kwa ruhusa ya Khrushchev mwenyewe, mkuu wa Usovieti, Shalamov alimwandikia barua. Alikisifu sana. Lakini humo humo akamchomekea: kambi yako haina chawa, haina majambazi, mkate unaachwa bwenini, watu wanakula kwa vijiko, na karibu na zahanati kuna paka anatembea! Kwenye kambi ya kweli paka huyo angeshaliwa zamani. Akauliza iko wapi kambi hiyo nzuri, laiti angepata kukaa huko japo mwaka mmoja.

Bi Saumu, mzee wako ananyoosha mgongo kwa sababu bado ana supu ya kupandisha na kijiko. Kolyma supu ilikuwa maji, unainua bakuli unakunywa. Adabu inataka kalori.

Na kuhusu kazi: kwenye malango ya makambi waliandika maneno ya Stalin kwamba kazi ni jambo la heshima, la sifa, la ushujaa. Shalamov alikuwa anaona kinyaa kila mara mtu anapoisifia kazi ya kambini. Kuna hadithi yake fupi mno, kijana Dugaev, miaka 23. Anapimiwa kazi peke yake, anajituma mpaka mwisho wa pumzi, jioni anaambiwa umefikisha asilimia 25. Anashangaa imekuwa nyingi hivyo. Kesho yake usiku askari wanamchukua kumpeleka kwenye uzio mrefu ambako huwa zinasikika trekta zikinguruma. Na jambo la mwisho analolijutia ni kwamba ameteseka bure siku hiyo ya mwisho. Fundi Mwiko, mwambie Dugaev habari za kozi tatu.

#6 Mzee wa Voronezh

Vijana mnabishana vizuri ila mnachanganya makambi. Nilisoma huko Urusi miaka ya themanini, na 1989 Novy Mir ilipoanza kuchapa Visiwa vya Gulag, kitabu kingine cha Solzhenitsyn, nakala ilikuwa inazunguka hosteli mpaka kurasa zinachanika. Wenyeji wenyewe walikuwa wanagombana kama nyinyi.

Ivan Denisovich yuko kwenye kambi maalumu. Hizi zilianzishwa 1948 kwa wafungwa wa kisiasa peke yao, ndiyo maana wana namba kwenye nguo na ndiyo maana majambazi hawapo. Shalamov alipitia makambi ya mchanganyiko, 1937 na 1938 na miaka ya vita, ambako mwizi ndiye mfalme na msomi ni nyama yake. Kuna hadithi yake ambapo majambazi wanacheza karata, mmoja kaliwa kila kitu, anatafuta cha kuwekea dau, macho yanatua kwenye sweta ya mfungwa aliyekuja kuwapasulia kuni. Ililetwa na mkewe. Anakataa kuivua. Wanamuua pale pale, wanaivua, mchezo unaisha. Msimulizi anawaza tu kwamba sasa itabidi atafute mtu mwingine wa kupasua naye kuni.

Solzhenitsyn mwenyewe alizijua kambi za mchanganyiko, na anasimulia kuwa Shukhov alizipitia pia, Ust-Izhma, ambako meno yaling'oka kwa kiseyeye. Kwa hiyo si kwamba mmoja ni mwongo.

Na Fundi uko sahihi, Solzhenitsyn alifanya uashi kwenye kambi ya Ekibastuz, Kazakhstan.

#7 Ngarambe Jr

Mimi nilikuwa JKT, tulikula maharage yenye wadudu na hakuna aliyeandika kitabu 😂

#8 Bi Saumu

Ngarambe, ulikuwa unapewa likizo. Kaa chini.

#9 Afande Mstaafu

Nimefanya kazi ya magereza hadi kustaafu, kituo sitakitaja. Nasema nilichokiona. Mfungwa akikaa ndani wiki bila kutoka anageuka, anatafuta ugomvi, anaokota uchafu. Jumatatu asubuhi ukiita majina ya gengi la shamba wanagombania kutoka, hata wagonjwa wanajificha ugonjwa. Haikuwa kwa sababu ya upendo wa jembe. Wanataka kuona barabara, kuona watu, kurudi jioni wamechoka walale. Kwa hiyo namwelewa huyo Shukhov, na sioni kama ni porojo ya mwandishi.

Lakini kazi iwe na maana. Tulikuwa na mkubwa mmoja aliyependa kuwaamuru wahamishe mawe toka upande huu wa uwanja kwenda ule, kesho warudishe. Hapo ndipo niliona watu wazima wakilia.

#10 Kalamu ya Pwani

Afande umenigusa, maana hilo la mawe liko kwa Dostoevsky karibu neno kwa neno! Yeye alikamatwa 1849, akasimamishwa uwanjani kama anapigwa risasi kumbe ni mchezo wa mfalme, kisha akapelekwa Omsk, Siberia, 1850 hadi 1854 na pingu za miguuni. Kwenye kumbukumbu zake za Nyumba ya Wafu anaandika kwamba ukitaka kumvunja mtu kabisa, mpe kazi isiyo na maana yoyote: ahamishe maji toka pipa hili kwenda lile na kuyarudisha, asogeze lundo la udongo huku na huku. Anasema baada ya siku chache mfungwa atajinyonga, au atafanya makosa makubwa ili mradi afe.

Ila yeye anaongeza kitu ambacho hamjakigusa: jinsi unavyotendewa na mkubwa. Anasema mfungwa, hata aliyeoza vipi, anadai heshima kwa utu wake, na kumtendea kama binadamu kunaweza kumrudisha hata yule ambaye sura ya Mungu ilishafifia ndani yake. Kwa hiyo utu haumo ndani ya mfungwa peke yake. Nusu yake iko mkononi mwa afande.

Kuna pale hospitalini, mfungwa Mikhailov anakufa kwa kifua kikuu. Kakonda mifupa, katupa shuka na nguo zote, hata kisalaba cha shingoni kinamwelemea, amebaki mtupu, na pingu ziko miguuni. Anakata roho. Sajini wa zamu anakuja na upanga na kofia yake ya chuma, anamtazama, anaivua kofia na kufanya ishara ya msalaba. Mfungwa mzee pembeni anasema tu: naye alikuwa na mama. Wanambeba na pingu zake zinaburuta sakafuni. Ndipo anaitwa mhunzi aje kumfungua maiti.

#11 Chumvi Kali

Dostoevsky alikuwa na nyama kwenye supu na hospitali yenye kitanda. Gereza la mfalme ukililinganisha na Kolyma ni bweni la shule. Shalamov kalisema hilo pia.

#12 Mwana wa Mchungaji

Chumvi, kwa kuwa unamnadi Shalamov tu, tumtumie yeye. Baba yake alikuwa padri wa Kiorthodoksi Vologda, yeye mwenyewe alisema hana imani. Lakini kaacha orodha ya mambo aliyoyaona na kuyaelewa kambini, na humo anakiri kwamba kundi pekee lililoshika ubinadamu kidogo ndani ya njaa na matusi lilikuwa watu wa dini: wale wa madhehebu madogo karibu wote, na sehemu kubwa ya mapadri. Asiye na imani ndiye anayetoa ushahidi huo.

Kwa Solzhenitsyn yupo Alyoshka, Mbaptisti, kitanda cha jirani na Shukhov. Injili kaiandika kwenye daftari na kaificha kwenye ufa wa ukuta, hakuna upekuzi uliowahi kuipata. Ukimwomba kitu anakupa, ukimtuma anaenda. Kapigwa miaka 25 kwa kusali na bado anamwambia Shukhov ashukuru kuwa gerezani. Jibu mnalo hapo.

#13 Chumvi Kali

Shukhov hakulikubali hilo lakini. Alimjibu kwamba sala ni kama barua za malalamiko, ama hazifiki ama zinarudi zimeandikwa "limekataliwa". Na orodha hiyo hiyo ya Shalamov inasema mtu anageuka mnyama ndani ya wiki tatu, ukimpa kazi nzito, baridi, njaa na kipigo. Soma na mstari huo.

#14 Wanjiru wa Nakuru

Niwaulize, wanawake hawakufungwa? Yevgenia Ginzburg, mwalimu wa Kazan, alikamatwa 1937, kati ya jela, kambi na uhamisho akamaliza miaka 18. Walikaa miaka miwili seli ya Yaroslavl, halafu wakasafirishwa kwa treni ya mizigo mpaka Vladivostok, wanawake wamebanana behewani, kikombe kimoja cha maji kwa siku. Mle ndani alikuwa akiwasomea wenzake mashairi kichwani. Askari wakasikia, wakaingia kwa kelele wakitafuta kitabu kilichofichwa. Akawaambia hakuna kitabu. Hawakuamini, wakamwambia basi soma nusu saa bila kusimama, ukisita tutajua. Akaanza *Eugene Onegin* ya Pushkin. Mwanzo mlinzi alikuwa anatisha, baadaye akawa anasikiliza tu.

Hiyo si kazi, si dini, si adabu ya mezani. Ni kile ulichohifadhi kichwani ambacho hakipekuliki.

Na tukiwa kwa Shalamov, orodha hiyo mnayoigombania inasema pia kwamba wanawake walikuwa waaminifu kuliko wanaume. Wake wengi waliwafuata waume zao Kolyma. Mume aliyemfuata mkewe hakumwona hata mmoja. Nawaachia hapo wanaume.

#15 Ngarambe Jr

Hapa tutanyamaza kidogo.

#16 Kijana wa Ilala

Nilikaa mahabusu kwa kesi ambayo ilifutwa, mahali sitapataja. Nawaheshimu waandishi wenu ila niseme nilichokiona. Walioonekana waungwana mle, wanaogawa sabuni, wasiogombania ndoo, ni wale waliokuwa wanaletewa chakula na ndugu. Mimi nilikuwa naletewa. Ndugu alipougua akakaa bila kuja, nikajikuta ninahesabu matonge ya mwenzangu. Nilikuwa namchukia kwa kutafuna polepole.

Kwenye hicho kitabu kuna Tsezar, anayepata vifurushi. Anavuta sigara ya maana, anajadili sinema za Eisenstein. Utu wake uko kwenye kile kifurushi. Mnyang'anyeni tuone.

#17 Bi Saumu

Pole mwanangu. Lakini Shukhov hapati kifurushi, alimkataza mkewe asimtumie ili watoto wasinyimwe. Na jioni anamlindia Tsezar vifurushi visiibwe, bila kudai. Tsezar anampa biskuti, vipande vya sukari na soseji, naye biskuti moja anampa Alyoshka.

#18 Kalamu ya Pwani

Wanjiru kanikumbusha wetu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, alipofungwa kwa kijitabu cha *Kenya: Twendapi?*, alitunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki* kifungoni, yakachapwa 1973. Tungo zenye vina na mizani kamili, mtu yuko peke yake kwenye seli. Ndiyo ile ile ya Pushkin kichwani.

#19 Mzee wa Voronezh

Kalamu, fungua uzi wake, nitakuja. Huu tusiupoteze.

Nirudi kwenye kazi, maana Fundi na Chumvi wote wameacha kitu. Mkate wa kambini ulipimwa kwa asilimia ya kazi ya kikosi, na asilimia inaandikwa na watu. Nyapara mzuri si anayewachapa wenzake wachimbe, ni anayejua kuongea na mwandishi wa hesabu. Tyurin, nyapara wa kikosi cha 104, siku ile ile ya ukuta alifanikisha hesabu nzuri ofisini, na Shukhov anasema waziwazi kwamba mkate unategemea karatasi kuliko kazi yenyewe. Udanganyifu huo ulikuwa na jina lake kambini, "tufta", na uliwaokoa watu wengi kuliko mwiko. Kwa hiyo utu ulikuwa unalindwa na uongo wa pamoja. Kikosi kinachomwamini nyapara wake kinakula.

#20 Chumvi Kali

Mzee hapo tumekutana nusu njia. Ila Shalamov alikataa hata unyapara wa Tyurin. Alijiwekea tangu 1937 kwamba hatakuwa nyapara kamwe kama amri yake inaweza kumuua mwenzake, na anasema ndilo jambo analojivunia. Njaa ingemwachia akiwa nyapara. Akabaki na toroli. Sasa Msomaji wa Usiku, huo utu uko kwenye kufanya kazi au kwenye kukataa kazi?

#21 Msomaji wa Usiku

Nimesoma zote, ahsanteni. Bado nashikilia kazi, ila kazi ya mwiko, si ya toroli. Mota ilipobaki na kengele imeshagongwa, Shukhov aliwaambia wenzake watangulie, akabaki anamalizia, askari wanaweza kumwachia mbwa. Kisha akarudi nyuma kuutazama ukuta kushoto na kulia. Hakuna asilimia inayolipa hiyo.

#22 Kijana wa Ilala

Na wenzake mia kadhaa wakasimama langoni kwenye baridi wakimsubiri. Hawakuona utu wowote hapo, walitukana.

#23 Fundi Mwiko

Kijana, ukiacha mota igande kesho utaibomoa kwa shoka na kisanduku chake. Alikuwa anamwokoa mtu wa kesho kazi. Ila kweli, walitukana.

#24 Wanjiru wa Nakuru

Afande, wewe tafuta Sergei Dovlatov. Alikuwa mlinzi wa kambi kule Komi, kaskazini mwa Urusi, miaka ya sitini mwanzoni, na anaandika kwamba mlinzi na mfungwa walikuwa wanafanana mno, lugha moja, nyimbo moja, wangeweza kubadilishana nafasi na hakuna ambaye angegundua.

#25 Afande Mstaafu

Binti, huyo alikuwa kijana wa jeshi wa muda. Mimi nilikaa maisha. Kufanana nakubali, tulikula dona la gunia moja. Kubadilishana nakataa, ufunguo ulikuwa kwangu. Nitumie kama kipo kwa maandishi makubwa, macho yamechoka.